Nguo Zilizokauka Kivulini

Ukitaka kumkasirisha Bi Mkunjo hukuhitaji kumtukana. Ulichukua tu suruali aliyokwisha kuipiga pasi, ukaikunjua mbele yake na kuigeuzageuza kama mtu anayetafuta kitu. Hapo angeiweka pasi juu ya bati lake, akashika kiuno, akakwambia: "Tafuta. Ukimaliza suruali, njoo na kichwani kwangu utafute chawa."

Alikuwa dobi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti; mtaani alikuwa Bi Mkunjo, kwa ajili ya ule mstari wa mbele wa suruali, ambao kwa mkono wake ulishuka kutoka kiunoni hadi kwenye pindo kama umepigwa rula, na mwenye suruali akakaa nayo siku tatu mstari usilale. Kazi aliianza akiwa na miaka kumi na minne, katika nyumba ya mama mmoja mkali aliyekuwa akipitisha kidole chini ya kola ya kila shati. Kidole kikigusa unyevu, nguo zote zilirudi kwenye karai. Mama yule alikufa zamani, lakini kidole chake hakikufa. Miaka arobaini na mitatu baadaye Bi Mkunjo alikuwa bado anakiona kikipita chini ya kola, na bado anakitii.

Kwa pasi yake ya mkaa alimzika mume, akamsomesha mwanawe wa pekee, akajenga vyumba viwili na jiko. Mwana akakua, akawa dereva wa lori la safari ndefu, mtu wa kulala nyumbani siku nne kwa mwezi. Akaoa. Mke akaletwa kuishi kwa mama mkwe: binti mpole wa sura, mwenye maneno machache, lakini hayo machache yalikuwa kama wembe uliofungwa kwenye karatasi. Wakapatana kwa kadiri wanawake wawili wanaotumia jiko moja wanavyoweza kupatana.

Uwanja wa mbele wa nyumba ile haukuwa uwanja, ulikuwa duka. Kamba nne zilivutwa kutoka ukutani hadi kwenye nguzo za chuma karibu na barabara, na jua lilizipiga kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Hapo waliopita waliona mashati meupe ya karani wa posta, sare za shule, makoti matatu ya daktari wa kituo cha afya, yote yamebanwa kwa vibanio, mikono chini, kama watu waliopangwa mstari. Bi Mkunjo hakuhitaji kibao cha tangazo. Na kwenye kamba zile haikupanda chupi, haikupanda sidiria, haikupanda kitu chochote cha kuvaliwa ndani. Mteja akiichomeka ya kwake katikati ya mashuka, aliipata imerudishwa kavu bila kufuliwa, imefungwa kwenye gazeti.

"Pasi yangu haijaonja chupi ya mtu," alikuwa akisema, "na haitaonja mpaka nazikwa."

Na za kwake je? Za kwake alizifua kwa mkono wake, mara tatu, kwa maji ya moto, kisha akazipeleka nyuma ya nyumba, kwenye ule uchochoro kati ya ukuta wa jiko na ua wa bafu. Jua halikufika huko. Mchanga ulikuwa na unyevu daima kwa sababu ya maji ya kuogea. Alitandika gunia, akazilaza nguo juu yake, na juu ya nguo akatupia shuka kuukuu, asizione mpita njia wala jirani. Zilichukua siku mbili kukauka. "Hazina haraka," alisema. "Haziendi ofisini." Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyofanya tangu avunje ungo.

Mjukuu alipozaliwa, mtoto wa kiume mwenye mashavu kama maandazi, mkwe alifua nepi ishirini na nne akazianika mbele, juani, kati ya koti la daktari na shati la karani. Bi Mkunjo alitoka na bakuli la uji mkononi. Nusura uji umwagike.

"Wee mama! Unataka kunifukuzia wateja?"

"Ni nepi, mama. Ni safi."

"Safi au si safi, karani wa watu anakuja kuchukua shati lake akute linasalimiana na nepi?" Akaanza kuzianua mwenyewe, moja moja, vibanio mdomoni. "Peleka nyuma. Kwenye gunia langu."

"Basi nizipige pasi."

"Nepi ikipigwa pasi inakuwa kadibodi, hainywi maji. Utanifundisha mimi nguo?"

Mkwe hakumfundisha. Akazipeleka nyuma.

Wiki ya tisa mtoto akaanza kulia kilio kingine. Si cha njaa, maana ziwa alilisukuma. Kwenye tako la kushoto kulikuwa na kipele chekundu. Baada ya siku mbili kikawa jipu, na mengine yakatokea mgongoni, chini ya pindo la nepi. Yaliwasha, kisha yakauma, na katikati ya kila moja palikuwa na kitone kilichotoa majimaji.

"Joto," akasema Bi Mkunjo.

Siku ya nne hakusema joto tena. Alisimama mlangoni mbele ya mkwe wake, akasema maneno ambayo baadaye angetoa hata jino ili ayarudishe: "Katika nyumba hii sijawahi kuona jipu. Majipu ni uchafu. Mikono unanawa?"

Mkwe akamfunga mtoto shuka taratibu. "Kama ni uchafu, mama, mimi naishi nyumba ya nani?"

"Usinijibu."

"Sijibu, nauliza. Na kesho nampeleka kituo cha afya."

Hapo Bi Mkunjo akaufunga mlango, majirani wasisikie. Kituo cha afya? Kwa daktari yule yule wa makoti matatu? Alijua mtaa ule. Ukisikia mjukuu wa dobi ana majipu tisa, nani ataleta shuka lake tena? Jina la usafi ndilo lililokuwa likimlisha. Hakuwa na shamba, hakuwa na pensheni, hakuwa na kitu kingine. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu: yeye mwenyewe, tangu Jumatatu, alikuwa na vitu kama vile kwenye nyonga ya kulia, pale mpira wa chupi unapokaa. Alivipaka chumvi na maji ya moto. Alikaa kwa ubavu wa kushoto, akapiga pasi kwa kusimama, na mara mbili alihisi kitu kimemtekenya kwa ndani. Akajiambia ni mshipa.

Alhamisi akaenda nao. Si kwa mapenzi tu. Alikwenda kulilinda jina. Alivaa gauni lililopigwa pasi mpaka kwenye kwapa, akamfunika mtoto shuka jipya, na njiani akamwambia mkwe: "Ukiulizwa, sema joto."

Kituoni kulikuwa na benchi refu la mbao, na kwenye benchi, kwa bahati mbaya ya mwenye siri, alikuwepo jirani yao muuza duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Redio. Alikuja kwa kikohozi.

"Bi Mkunjo! Na wewe unaumwa? Au umeleta makoti?"

"Nimemsindikiza mjukuu wangu. Joto hili."

"Ee, joto," akasema Mama Redio, na macho yake yakatua kwenye lile shuka yasiondoke.

Chumba cha daktari kilitenganishwa na benchi kwa pazia la kijani lililokuwa fupi kuliko mlango. Ndani palikuwa na meza, kitanda cha kupimia, na kona iliyofunikwa kwa kiunzi cha kitambaa. Daktari alikuwa kijana mwembamba, na koti alilovaa lilikuwa la Jumanne, mkunjo wa mikono ungali wima. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mama yangu wa makoti!" akasema daktari kwa furaha. "Leo nimepata bahati gani?"

Furaha yake iliisha mtoto alipovuliwa. Aliinama, akawasha tochi, akachunguza kwa muda ambao Bi Mkunjo aliuona mrefu kama kufua mablanketi. Akahesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Kisha akamwambia muuguzi: "Niletee vaselini na kibano. Na maji ya chumvi."

"Vaselini?" Bi Mkunjo akaingilia. "Jipu linakamuliwa, daktari."

"Haya tukiyakamua hivi hivi tutampasulia ndani, na itakuwa balaa. Unaona hiki kitundu? Anapumulia hapa. Namzibia hewa."

"Umesema anapumua nani?"

Daktari alipaka mafuta yale mazito juu ya kila uvimbe, kilima kidogo kimoja kimoja, akavuta kiti akakaa. Muuguzi akatazama saa ya ukutani. Mtoto akanyonya kidole cha mama yake. Dakika zikapita, na Bi Mkunjo akaanza kufikiri kwamba vijana wa siku hizi wamesomea uvivu.

Ndipo mafuta yakatikisika.

Alidhani ni macho yake. Akasogea. Katikati ya kilima cha vaselini kwenye tako la mjukuu wake kulitokea kipovu, kikapasuka, na mahali pake pakachomoza kitu cheupe chenye ncha, kama kichwa cha kiberiti kisicho na rangi. Kikageuka huku na huku. Kikarudi ndani. Kikachomoza tena.

"Kinatembea," akasema Bi Mkunjo. Sauti haikuwa yake.

Daktari akabana ngozi kwa vidole viwili, pande zote mbili, polepole, kama mtu anayetoa kokwa kwenye tunda laini. Kibano kikashika. Kikavuta. Na kutoka katika nyama ya mtoto wa wiki tisa akateleza funza mzima, mnene, mweupe, mwenye mistari ya miiba midogo myeusi mwili mzima, urefu wa kucha ya kidole gumba. Daktari akamweka kwenye sahani ya bati. Funza akajikunja, akajinyoosha, akajikunja.

Mkwe rangi ilimtoka usoni, mikono yake ikaendelea kumshika mtoto kama mikono ya sanamu. Bi Mkunjo yeye alitaka kupiga kelele, lakini alichosema kilikuwa hiki: "Nimemwogesha asubuhi. Mimi mwenyewe nimemwogesha." Alikirudia mara tatu, kana kwamba funza angesikia aibu akajirudisha alikotoka.

"Siyo kuoga, mama," akasema daktari. Alikuwa tayari kwenye uvimbe wa pili. Wa pili akatoka. Wa tatu akatoka. Sahani ikaanza kutoa mlio mdogo mdogo, kama mvua ya kwanza juu ya bati, na kila mlio Bi Mkunjo aliusikia kwenye meno. Walipofika sita daktari akaacha. "Hawa watatu bado wachanga, hawajakaribia mlango. Tusilazimishe, akikatikia ndani anaozesha. Jumamosi mnamrudisha."

Muuguzi akaosha matundu, akayafunika. Mtoto, ambaye siku tano hakuwa amelala usingizi wa maana, akalala pale pale, mdomo wazi.

Wala hao hawakuwa wale tekenya wa miguuni, ambao kila mtu anawajua. Daktari akaeleza akiwa anaosha mikono: kuna nzi, mnene, wa rangi kama ya udongo wa mfinyanzi, anayechukia jua kali. Anatafuta kivuli na unyevunyevu. Akikuta mchanga wenye maji anataga hapo. Akikuta nguo mbichi kivulini anataga kwenye nguo, na ikiwa na harufu ya mkojo hata kama mtu haisikii, ndiyo inayomvuta zaidi, hata mahali ambapo hakuwahi kufika. Mayai yanaanguliwa, vijidudu visivyoonekana vinakaa kwenye nguo vikisubiri. Mtu akivaa, joto la mwili linaviamsha, vinaingia kwenye ngozi bila mtu kuhisi kitu. Vikishaingia, vinanenepa.

"Sasa nepi zinaanikwa wapi?" Aliuliza akimtazama mkwe. "Chini? Kivulini?"

Mkwe akamtazama mama mkwe wake, mara moja tu, haraka. Bi Mkunjo akatazama ukutani.

"Kivulini, daktari," akasema binti. "Ninaanika mimi."

"Na pasi?"

"Hatupigi. Sipigi."

Daktari akapiga meza kwa kiganja, si kwa hasira, kwa kutoamini. "Mama kijana! Nepi ya mtoto mchanga unailaza mchangani? Na nyumba unayoishi ina bingwa wa pasi wa mtaa mzima! Yaani bibi yake anahangaika kunyoosha makoti yetu, wewe pembeni hapo unashindwa kunyoosha nepi?"

"Nimekosea, daktari."

Bi Mkunjo alisikia moyo wake ukitulia. Jina limepona. Na hapo hapo, alipokuwa akimshukuru binti yule kimoyomoyo, kitu kikajigeuza kwenye nyonga yake.

Hakikuwa mshipa. Alikijua sasa. Alikuwa amekiona uso.

Alisimama, akakaa, akasimama tena. Mwili wake mwenyewe, mwili aliouosha asubuhi na jioni kwa miaka hamsini na saba, ulikuwa umepangishwa na hakuambiwa. Ndani ya gauni lile lililopigwa pasi mpaka kwapani kulikuwa na kitu kinakula.

"Huyo nzi," akasema, akijaribu sauti ya mtu anayeuliza bei, "anaingia na watu wazima?"

"Anaingia yeyote aliyevaa nguo."

Muuguzi akashusha miwani. "Bibi. Mbona tangu umeingia unakaa ubavu ubavu?"

"Kiti chenu kibovu."

"Kiti ni kizima. Njoo huku nyuma."

"Sina kitu."

"Basi njoo unionyeshe hicho usichonacho."

Nyuma ya kiunzi cha kitambaa Bi Mkunjo alilala kifudifudi juu ya mpira baridi wa kitanda, gauni limepandishwa, uso kwenye mikono. Muuguzi akahesabu kwa kidole. Kisha akavuta pumzi. "Saba," akanong'ona. "Bibi, umeota shamba."

"Nyamaza, mwanangu. Toa."

"Mpaka tuwazibie hewa. Tulia."

Akatulia. Vaselini ilikuwa baridi. Alihisi, na hilo ndilo alilokuwa akilisimulia baadaye huku akijishika mikono, alihisi kila mmoja akianza kuhangaika kwa zamu yake, akipanda, akitafuta pa kutokea, kama watu waliofungiwa chumbani moshi ukaingia. Akauma kidole. Na upande wa pili wa kitambaa akasikia kalamu ya daktari ikikwaruza kwenye kadi ya mtoto, na daktari akisoma anachoandika, kama wafanyavyo watu wenye wagonjwa wengi: "Mabuu ya nzi... sita wametolewa... Mama wa mtoto... aelekezwe... usafi... wa nguo."

Maneno ya mdomo hupita. Kadi ya kliniki haipiti. Kadi ile ingekwenda na mtoto miaka mitano, kila muuguzi angeisoma, kila safari binti angetazamwa kwa jicho lile. Bi Mkunjo alijua jicho lile. Ndilo alilomtazamia yeye mwenyewe Jumatano mlangoni.

"Futa!" akapaza sauti.

Kalamu ikasimama. "Nani? Mama wa makoti?"

"Futa, nasema! Usimwandike huyo binti." Alikuwa akipiga kelele ndani ya mpira wa kitanda, na kwa kuwa aliona aibu, alizidi kupandisha sauti, kama mtu anayekimbia mteremkoni. "Siku ya kwanza alianika nepi juani, kwenye kamba ya mbele. Nikazianua kwa mkono wangu! Alitaka kuzipiga pasi, nikakataa! Nepi za mjukuu wangu na chupi zangu mimi zinakauka kwenye gunia nyuma ya bafu, mchangani, kivulini, kwa amri yangu, miaka yote! Ni mimi!"

Nje kwenye benchi, kikohozi cha Mama Redio kilikatika katikati.

Daktari akakohoa kidogo. "Sasa... niandike nini?"

"Andika bibi. Na usiandike uchafu, maana nilizifua mara tatu, kwa maji ya moto. Andika kivuli."

"Bibi," akasema muuguzi taratibu, "usitikisike. Wa kwanza huyu anachungulia."

Walitoka wote saba. Alipewa sindano ya pepopunda, akafungwa bandeji, akaambiwa maneno ambayo angeyarudia mpaka watu wachoke: nguo zote zianikwe juani, juu, zikauke kabisa; kisha pasi ya moto, mbele na nyuma, na hasa kwenye pindo, kwenye mpira, kwenye mshono, ambako mayai yanajificha. Na mtu akiona uvimbe wenye kitundu asijitumbue nyumbani. Alipoulizwa kama anataka kuwaona waliotoka, alisema hapana, kisha akatazama.

Kurudi nyumbani walitembea robo ya njia. Kisha Bi Mkunjo akauliza, "Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja, mama, halafu nikalale wapi?"

Bi Mkunjo akasimama katikati ya njia. Aliona midomo ya binti inatetemeka, hakujua ni kilio au kicheko, na pengine binti mwenyewe hakujua. "Na yale niliyokwambia mlangoni," akasema, "ya mikono."

"Ninanawa, mama."

"Najua. Nilikuwa najua hata nikisema."

Mchana ule walichoma gunia. Walichemsha kila kitambaa cha nyumba, wakakianika, na jua lilipomaliza kazi yake Bi Mkunjo akatia mkaa kwenye pasi, akatandika nepi ya kwanza mezani. Alitazama nyuzi za kile kitambaa, nyeupe, safi, zisizo na doa hata moja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake weupe ule ulimtisha. Alibonyeza pasi mpaka nepi ikatoa harufu ya kuungua. Ilikuwa kadibodi kweli. Mkwe akaisugua mikononi, ikalainika.

Habari hazikuhitaji miguu. Kabla jua halijazama karani wa posta alifika, akasimama mbali na kamba, mkono mmoja mfukoni.

"Bi Mkunjo, nimepita kuchukua mashati. Yale sita."

"Bado hayajapigwa pasi, karani."

"Hivyo hivyo tu. Yatapigwa... mahali."

Aliyabeba kwa ncha za vidole, ameyaweka mbali na kifua, kama mtu aliyebeba paka wa mwenzake. Ijumaa mwenye sare za shule akatuma ujumbe kwamba wanapumzika kidogo. Kamba mbili kati ya nne zikabaki tupu, zinapigwa na upepo.

Bi Mkunjo alikaa jikoni nusu siku, kwa ubavu, akilitafuna jambo lile. Nguo za wateja hazikuwahi kulala mchangani. Zote zilipigwa na jua, zote zilipita kwenye moto. Hakuna shati lililotoka mikononi mwake na funza, wala halingeweza. Lakini kulisema hilo ndiyo kusema pia kwamba za kwake hazikupita kwenye moto, na kwa nini, na zilikuwa zinalala wapi. Ilibidi azungumzie chupi zake na karani wa posta. Bora afe njaa, akajiambia. Kisha akasikia mjukuu akicheka chumbani, kicheko cha kwanza tangu majipu yaanze, akaona kufa njaa nako si jambo la haraka.

Jumamosi asubuhi, walipokuwa wakijiandaa kumrudisha mtoto kwa wale watatu waliobaki, Mama Redio alifika kwa mlango wa nyuma. Hakuwahi kupita mlango wa nyuma. Na hakuwa anazungumza.

"Umekuja kuona kilichobaki?" Bi Mkunjo akamwuliza. "Kwangu hakuna. Walitoka wote. Kawatangazie."

"Bi Mkunjo." Mama Redio akatazama nyuma, akatazama pembeni, akashusha sauti ambayo mtaa haukujua kama anayo. "Na mimi naanika uvunguni. Zangu. Kwa sababu ya wanaume wanaopita dukani." Akajigusa chini ya titi, juu ya nguo. "Ni viwili. Nilidhani ni joto. Jana kimoja kimecheza, sikulala. Dada yangu, kimecheza!" Macho yalimtoka kama ya mtu anayezama. "Nifanyeje? Nimkamue?"

"Usimguse! Utamkatia ndani." Bi Mkunjo alikwisha kutafuta viatu. "Twende."

"Watu watatuona. Benchi lile... Tutasema tunakwenda kufanya nini?"

Ulimi wa Bi Mkunjo ulikuwa na maneno yaliyoiva kuhusu redio na matangazo, nao mdomo ulikwisha kufunguka. Akamtazama yule mwanamke, akaona alivyokiweka kiganja juu ya kifua, bila kubonyeza, kama mtu aliyefunika jungu linalochemka. Akayameza.

Wakatoka wanne, mkwe na mtoto mbele. Kwenye kona ya posta wakakutana na karani ana kwa ana. Shati alilovaa lilikuwa na mikunjo mitatu mgongoni, ya kupigwa mahali.

"Salama?" akasema karani. "Msafara huu wote wa wapi?"

Mama Redio akaanza kukohoa. Mkwe akainamisha uso kwa mtoto. Bi Mkunjo alihisi damu ikimpanda kichwani, ikafika masikioni, ikabaki huko.

"Kituo cha afya," akasema, kwa sauti ya kusikika dirishani kwa posta. "Mgonjwa ni mimi. Huyu jirani yangu ananisindikiza. Nilitolewa funza saba, karani, huku nyuma, na nitakwambia walikotoka: kwenye chupi zangu, ambazo nilizificha kivulini na sikuzipiga pasi. Mashati yako hayajawahi kukaa kivulini, na kila moja limepita motoni, ndani na nje. Miaka kumi na moja ninakufulia, wewe hujapata hata kipele. Mke wako anaanika wapi zake?"

Karani akafikiri. Ilionekana wazi kwamba anafikiri kweli, kwamba macho yake yamekwenda mpaka nyumbani kwake, yamezunguka nyuma ya bafu, na yameona kitu huko. Uso ukambadilika.

"Sijui," akasema.

"Kamuulize," akasema Bi Mkunjo, na akamshika Mama Redio kiwiko wakaendelea na safari.